Fatiha ya Pili

Binti wa kampuni ya bima aliitwa Benedikta, na alikuwa hodari wa kueleza, ila maelezo yote aliyatoa kwa Bushiri. Kiti cha mteja kilikuwa kimoja, na Bushiri ndiye aliyekikalia. Husna aliletewa kigoda cha plastiki kutoka koridoni, akakaa nyuma kidogo ya bega la kaka yake, baridi ya kiyoyozi ikimpiga shingoni. Alijifunika ushungi vizuri akasikiliza. Ofisi za Posta hizo, katikati ya jiji, ukiingia na kanzu iliyopigwa pasi unaitwa mzee, ukiingia na khanga unaulizwa umemfuata nani.

"Mpango wenyewe mzee uko hivi," alisema Benedikta. "Unaweka kwa mkupuo mmoja, fedha inakaa miaka mitano. Mtoto akipata nafasi ya chuo, sisi tunamlipia ada, na faida yote haikatwi kodi. Ukiweka benki kawaida, faida inakatwa. Hapa inasamehewa kwa sababu ni ya elimu. Lakini ukiivunja kabla ya wakati, msamaha umeondoka."

"Na anayeandikwa ni mtoto mmoja tu?" aliuliza Husna.

Benedikta alimjibu Bushiri. "Mmoja tu, mzee. Mpango mmoja, mtoto mmoja."

Kisha akaonyesha kwa kalamu kiwango cha chini. Husna alinyoosha shingo akakiona. Fungu lake la mirathi halikufika hata nusu yake. Fungu la kaka yake lilipita nusu lakini nalo halikufika. Mafungu yote mawili yakiunganishwa, yalifika na kubaki chenji ya soda.

"Haina riba?" aliuliza tena Husna.

"Ni faida, mama, siyo riba," alisema Benedikta akitabasamu, kisha akamgeukia Bushiri. "Huyu ni mkeo?"

"Mdogo wangu. Tunashirikiana kwenye hili."

"Vizuri sana. Basi mzee utasaini hapa juu, na mama atasaini hapa chini kama shahidi."

Shahidi wa fedha yake mwenyewe. Husna alimtazama kaka yake, akangoja aseme neno. Bushiri alikuwa anasoma karatasi, miwani imemshukia puani, na kwa kweli alifurahi. Tangu shirika lake la umma lilipouzwa naye akapunguzwa kazi, ilikuwa zamani hajakaa mbele ya meza ya ofisi akaitwa mzee kwa heshima namna ile. Husna akamwonea huruma, akaliacha lipite. Huruma ndiyo ilikuwa ugonjwa wake siku zote.

Walipotoka nje, fomu hazijasainiwa, alisema, "Kaka, jina ataandikwa nani?"

"Tutazungumza nyumbani, Ijumaa baada ya Alasiri," alisema Bushiri. "Jambo la heri halitaki papara."

Walitembea kwa miguu hadi Mnazi Mmoja. Husna alikwisha kujua jina atakalolitaja.

*

Mirathi ilitokana na nyumba iliyouzwa ya Mtaa wa Sikukuu, ya vyumba sita na ukumbi katikati, baba yao aliijenga kwa udongo kwanza na baadaye kwa matofali. Miaka ile Kariakoo nyumba kama zile zilikuwa zinashuka kila wiki na maghorofa yanapanda. Anakuja mtu na mkoba na mwanasheria wake, ndugu wanaitana, wanagawana, wanatawanyika, mmoja Mbagala, mwingine Buguruni, na mwaka unaofuata ukipita pale huoni hata mlango ulikuwa wapi. Wao ndugu walikuwa wawili tu waliobaki. Bushiri alipata mafungu mawili na Husna moja, kama sheria ya Mungu inavyosema, na kwa hilo Husna hakuwa na kinyongo.

Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia mtoto mmoja, Sophia, na kibaraza cha kuuzia khanga mbele ya nyumba hiyo hiyo. Sophia alikuwa kidato cha pili, mtoto mwenye kichwa, wa kukaa na hesabu jioni nzima kama wenzake wanavyokaa na redio. Bushiri na mkewe Mgeni walikuwa na Abdulkadiri, kidato cha kwanza, mtoto mzuri pia, mwenye adabu. Nyumba ikishaondoka, kilichobaki mkononi ndicho hicho, na baada ya hicho hakuna kingine. Atakayesomeshwa atasomeshwa kwa nyumba ya babu yake, na asiyesomeshwa basi.

Kesho yake Husna alikwenda Mtaa wa Uhuru kuchukua mzigo wa khanga kwa Ranjanben. Wamefanya biashara miaka mingi, tangu mume wa Ranjanben, Umakant, alipokuwa anaona vizuri na kupima vitambaa mwenyewe. Sasa Umakant alikaa ndani kabisa ya duka na redio yake, na mkewe ndiye aliyeshika kaunta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Husna. Una sura ya mtu ambaye hajalala."

Husna alimweleza. Ranjanben alisikiliza huku akifungua robota kwa mkasi.

"Nyie mlifanyaje kwa watoto wenu?" aliuliza Husna.

"Sisi? Umakant aliweka akiba kijana wetu Dhaval aende Uingereza. Binti yetu Nirali nikamwekea dhahabu." Alikata kamba ya mwisho. "Dhaval anauza simu huko huko, kurudi harudi. Nirali dhahabu yake iko kabatini, haivai, anasema nzito. Kila jioni anatoka kwake Upanga anakuja kunifungia hesabu, na mwisho wa mwaka watu wa kodi wakija, yeye ndiye anayeongea nao, wanaondoka wamenywea. Nikimtazama najisemea, kichwa hiki tulikitia kwenye bangili."

Umakant alikohoa kule ndani. Ranjanben hakugeuka.

"Mwanawe Nirali sasa namnunulia vipande," aliendelea. "Unavijua? Ni mfuko. Watu wanachanga, kila mtu kwa uwezo wake, kisha wenye ujuzi wananunua hisa za viwanda. Vikipanda unapanda, vikishuka unashuka. Kodi kwenye faida hawakukati hapo pia. Lakini uhakika hawakupi, Husna. Yule wa bima anakuahidi kiasi. Hawa hawakuahidi. Usije ukasema sikukwambia."

"Viwanda gani hivyo?"

"Saruji, sukari. Bia pia."

"Bia, mama?"

"Nenda kawaulize kama wanaweza kukutolea hiyo ya bia. Mimi nyama sili tangu kuzaliwa, na niliwauliza kama wana machinjio humo. Yule kijana alidhani namtania."

Husna alicheka, mara ya kwanza tangu Posta. Akabeba mzigo wake akarudi.

*

Ijumaa makochi yalikuwa yamekwisha kuuzwa, hivyo walikaa kwenye mkeka ukumbini. Bushiri alikaa upande wa ukutani, alipokuwa akikaa baba yao. Mgeni kando yake. Abdulkadiri akaitwa akaketishwa mbele ya baba yake, kanzu nyeupe, kichwa kimeinama. Sophia alikuwa jikoni anachemsha chai. Kati ya ukumbi na ua kulikuwa na pazia la maua ambalo lilikuwepo tangu enzi za mama yao.

Bushiri alianza kwa kumshukuru Mungu na kuwarehemu wazazi. Alijua kusema, Bushiri. Akaeleza habari za mpango, miaka mitano, msamaha wa kodi, ada inayolipwa moja kwa moja chuoni. Kisha akasema, "Mimi peke yangu sifiki. Husna peke yake hafiki. Tukiunga tunafika. Sasa kampuni inataka jina moja, na sisi ni nyumba moja. Nimeona tumwandike Abdul. Abdul akimaliza, atamshika mkono dada yake."

Husna aliinua kichwa. Si kwa sababu hakulitegemea jina. Ni yale maneno. Akimaliza atamshika mkono. Aliyasikia maneno hayo neno kwa neno, ukumbini humu humu, alipokuwa binti wa umri wa Sophia.

Mwaka ule yeye na Bushiri, waliomaliza darasa la saba pamoja, wote wawili hawakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Kukapatikana shule ya kulipia iliyokubali kuwachukua wote, na baba akauza minazi yake ya Kigamboni, na bei ya minazi ikatosha mtoto mmoja. Wazee wakaja wakakaa. Husna alikuwa nyuma ya pazia hili hili na sinia la chai, akimsikia baba yake anasema, "Bushiri akimaliza, atamshika mkono mdogo wake." Ikasomwa Fatiha. Husna akaitikia amin kule kule mlangoni, kwa sauti, wazee wakacheka kwa kupendezwa. Aliitikia kwa sababu alimwamini baba yake na alimpenda kaka yake.

Bushiri akamaliza, akapata kazi ya ukarani. Kwanza alisema ngoja nipange nyumba. Kisha ngoja nioe. Baba akafa, na Husna mwenyewe akaolewa, na haikupatikana siku ambayo mtu alisema hapana. Bushiri hakuwa mtu mbaya, hilo liwe wazi. Sikukuu zote alileta nguo. Mume wa Husna alipofariki yeye ndiye aliyeshika jembe makaburini mpaka kiganja kikapasuka. Ila lile jambo moja halikufanyika, na nyumba nzima ikajizoeza kuishi kama vile halikuwahi kusemwa.

"Sophia ni mkubwa kwa Abdul," alisema Husna taratibu. "Amngoje mdogo wake amalize chuo ndipo yeye aanze?"

Mgeni ndiye aliyejibu. "Wifi, mtoto wa kike ataolewa. Si wewe mwenyewe uliolewa?"

"Niliolewa. Nikafiwa. Nikauza khanga."

"Na mwanao hajalala njaa."

"Hajalala njaa, kweli."

"Tusifike huko," alisema Bushiri, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Husna, mimi na wewe hatujawahi kugombana. Mtoto wako ni wangu. Itikieni Fatiha."

Akainua mikono. Mgeni akainua. Abdulkadiri akainua. Kwa watu wa nyumba zile, mzee akishasema itikieni Fatiha, maneno yamekwisha, na mtu mwenye akili zake hajibu chochote isipokuwa amin. Husna aliangalia chini, na chini ya pazia la maua akaiona miguu ya Sophia, imesimama pamoja, vidole vimejikunja kwa uzito wa sinia. Hakujua mtoto amesimama pale tangu lini.

Mikono yake ikabaki mapajani.

"Husna," alisema Bushiri. "Mikono."

"Ile ya kwanza haijatimia, kaka. Ya pili siwezi kuitikia."

Bushiri alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Ya kwanza ipi?"

Hapo ndipo ilipomuuma. Miaka yote alidhani kaka yake anaona haya. Kumbe alisahau.

"Ya Baba," alisema. "Ulikaa hapo alipokaa Abdul. Mimi nilikuwa pale kwenye pazia, na chai."

Mgeni alimtazama mumewe. Bushiri alishusha mikono polepole, Fatiha haijasomwa, jambo ambalo ukumbi ule haukuwahi kuliona. Akasema, "Kwa hiyo unamnyima mwanangu. Unajua bila fungu lako sifiki. Unajua, na unamnyima."

"Simnyimi. Nampa wangu."

Bushiri alisimama akatoka nje bila viatu, akarudi kuvivaa, akatoka tena. Chai ilinywewa na nani, hakuna anayekumbuka.

*

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mgeni alihamisha jiko lake akaliweka upande wa pili wa ua, akapika peke yake. Bushiri alimsalimia dada yake kwa kumpitia Abdulkadiri: mwambie shangazi yako maji yametoka, mwambie shangazi yako walionunua nyumba wanataka funguo mwisho wa mwezi. Majirani wa Mtaa wa Sikukuu, ambao nao walikuwa wanafunga vyombo vyao, waliuliza kulikoni, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba ni uchovu wa kuhama.

Husna hakujiona shujaa, msidhani. Alilala vibaya. Alijiambia kwamba kwa ukaidi wake ameutupa mpango wenye ahadi, na sasa watoto wote wawili wataangukia kwenye kitu kisichoahidi. Alijiuliza kama anamgombania Sophia au anamgombania yule msichana wa nyuma ya pazia, na hakupata jibu, maana wote wawili walikuwa na sura moja.

Siku ya tatu alimwambia Sophia avae, wakaenda Posta. Ofisi ya vipande ilikuwa ghorofa ya juu, lifti haifanyi kazi. Kijana wa mapokezi aliitwa Filbert.

"Karibuni. Nani anafungua akaunti?"

"Mimi," alisema Husna. "Kwa ajili ya huyu. Na viti naona viko viwili, mwanangu, kaa."

Filbert alieleza vizuri. Hakuficha kwamba mfuko unaweza kushuka. Husna alimwuliza habari ya bia. Kijana akasema mfuko ni mmoja, hakitolewi kiwanda humo kwa ajili ya mtu mmoja. Husna akafikiri, akauliza kama mtu anaweza kuambiwa ni kiasi gani cha faida kilitoka huko. Kijana akasema taarifa za mwaka zinaonyesha.

"Basi hicho nitakitoa kuwapa mafukara. Sophia, utanikokotolea wewe."

"Nitakokotoa, mama."

"Na ikishuka?" aliuliza Husna, akimwuliza Sophia, si Filbert.

Sophia alitazama ukutani kulikokuwa na mchoro wa mstari unaopanda na kuyumba. "Ikishuka tunaongeza kidogo wakati ni rahisi. Tukiuza kwa woga ndiyo tunapoteza." Kisha akaona haya, akaongeza, "Nadhani."

Husna alisaini mwenyewe, juu, mahali pa mwenye mali. Haikutosha chuo kizima, hilo lilijulikana. Ingebidi auze khanga nyingi, na aongeze kila mwezi. Lakini ilikuwa na jina la mtoto wake, na hakuna aliyetakiwa kumngoja mtu.

*

Siku ya mwisho mikokoteni ilijaa mbele ya nyumba. Ya Bushiri kwenda kupakia gari la Mbagala, ya Husna kwenda Buguruni kwenye vyumba viwili vya kupanga. Ndani kulibaki ule mkeka tu, kwa sababu nyumba ya wazazi haiachwi hivi hivi bila dua. Pazia la maua lilikwisha kutolewa, na mlango wa uani ulikuwa wazi, mwanga unaingia mpaka ukutani.

Bushiri aliingia akakaa. Hakukaa mahali pa baba, alikaa katikati. Husna akakaa mbali kidogo.

"Nimerudi kwa yule binti wa bima," alisema Bushiri. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa dada yake tangu Ijumaa ile. "Amesema kiwango ni kile kile."

"Najua."

"Nikamwuliza habari za vipande. Amenuna." Akamgeukia dada yake. "Wanapokea kidogo kidogo?"

"Wanapokea."

"Majina mangapi?"

"Hata kumi. Kila mmoja na akaunti yake."

Bushiri alivua kofia akaipangusa vumbi lisilokuwepo. "Nimejaribu kuikumbuka ile siku. Kanzu naikumbuka, Baba alinishonea mpya. Minazi naikumbuka. Wazee wote nawakumbuka kwa majina. Wewe sikuoni, Husna. Nimejitahidi, sikuoni."

"Hukuweza kuniona. Sikuitwa ndani."

Alilisema bila uchungu, na labda ndiyo maana Bushiri hakuweza kulikwepa. Macho yalimlowa. Aliyapangusa kwa mkono wa kanzu, hadharani, mbele ya Mgeni na mwanawe waliokuwa wamefika mlangoni.

Sophia akatokea uani na sinia la chai, vikombe vya mwisho ambavyo havikufungwa. Alipofika kizingitini alisimama pale pale, mahali palipokuwa pazia, akangoja wakubwa wamalize. Hakuna aliyemwambia asimame. Alijua tu, kama mabinti wa nyumba ile walivyojua siku zote.

Bushiri alimwona. Alimtazama kwa muda, kisha akainuka, magoti yakilia, akaenda mpaka mlangoni akalipokea sinia kutoka mikononi mwake. Kikombe kimoja kikayumba na chai ikammwagikia kwenye kanzu. Akaja nalo akaliweka chini mwenyewe.

"Njoo ukae, mwanangu."

"Sukari bado, mjomba. Ngoja nika..."

"Sukari ataleta Abdul. Wewe kaa hapa."

Abdulkadiri alikwenda kuleta sukari. Sophia akavua ndala, akakaa kwenye mkeka karibu na mama yake, hajui mikono aiweke wapi. Mgeni naye akaingia, akakaa, akasogeza kikombe kimoja mbele ya wifi yake. Abdulkadiri aliporudi, walikuwa wamekamilika.

"Akiba ya Sophia imekwisha kufunguliwa," alisema Bushiri. "Kesho mimi na Husna tutakwenda kufungua ya Abdul, kwa jina lake, na kutoka fungu langu nitatia pia katika ya Sophia, kwa ajili ya neno la Baba nililoliacha. Kila mtoto na chake. Asingojwe mtu. Mwenyezi Mungu atie baraka."

Mgeni alitaka kusema jambo hapo kwenye fungu, akaliacha.

"Itikieni Fatiha," alisema Bushiri, akainua mikono. Abdulkadiri akainua, Mgeni akainua, na Sophia, baada ya kumtazama mama yake, akainua yake. Lakini Bushiri hakuanza kusoma. Alikaa viganja wazi, chai inapoa, wapagazi wanaita huko nje, akimngoja dada yake.

Husna akainua mikono.